Nazi, mafuta na moyo: Meko ya mwili yakipoa, maradhi huingia



Mwezi mmoja kabla ya Ramadhani iliyopita, mjomba wangu aliacha kumeza dawa zake. Hakumwambia mtu. Alikuwa na vidonge vya presha, vya sukari na vya kupunguza kolestroli, na kwa miaka sita alivimeza bila kukosa. Kilichomgeuza ni ujumbe wa sauti uliozunguka kwenye simu za watu mtaani kwetu. Ulisema kolestroli ni uongo wa wenye viwanda vya dawa, na kwamba vijiko viwili vya mafuta ya nazi kila asubuhi husafisha mishipa na kuponya sukari. Mjomba akanunua chupa yake, vidonge akavitia kabatini.

Wiki ya tatu ya mfungo alianguka msalani. Kiharusi. Alhamdulillahi yu hai, ila mkono wa kulia mpaka leo haushiki kikombe. Nilipokwenda kumtazama aliniuliza swali ambalo sikuweza kulijibu palepale: "Mpwa wangu, mimi nimelelewa kwa tui. Babu yangu alikula nazi mpaka akazeeka, na presha hakuijua. Sasa nambie, nazi ndiyo iliyoniua au ndiyo ingeniponya?"

Mimi si daktari. Diploma yangu ni ya uhasibu. Lakini swali lile lilinikosesha usingizi, nikawa nasoma na kuwauliza wanaojua. Haya ndiyo niliyoyapata, nami nayaandika kwa sababu najua si mjomba wangu peke yake aliyetia vidonge kabatini.

Seredani iliyo ndani ya kila seli

Karibu kila seli ya mwili, ukiondoa zile nyekundu za damu, ina vitu vidogo mno vinavyoitwa mitokondria. Kazi yake ni kama ya seredani jikoni. Makaa yake ni sukari na mafuta tunayoyala, hewa yake ni oksijeni tunayoivuta, na moto unaotoka ni nguvu ambayo wataalamu huiita ATP. Kwa nguvu hiyo unainua mkono, unafikiri, na moyo unapiga.

Mwaka 1904 mwanasayansi wa Ujerumani, Franz Knoop, alionyesha kwamba mwili hauchomi mafuta kwa mkupuo mmoja. Huyakata vipande vidogo vidogo, kama muuza miwa anavyokata pingili. Mwaka 1937 Hans Krebs, akiwa Uingereza, alieleza mzunguko ambamo chakula kilichovunjwavunjwa humalizikia kuchomwa. Kazi hiyo ilimpa Tuzo ya Nobel mwaka 1953. Kwa hiyo mambo haya si mageni, wala hayakuanza na matangazo ya dawa.

Sasa tazama moyo. Hupiga takriban mara 100,000 kwa siku, na haupumziki hata ukilala. Karibu thuluthi nzima ya seli ya msuli wa moyo ni mitokondria. Na makaa ambayo moyo huyapendelea ni mafuta: asilimia 60 hadi 70 ya nguvu zake hutokana nayo. Akiba ya ATP iliyomo ndani ya moyo ingekwisha kwa sekunde chache tu kama meko hayo yangezimika.

Hapa ndipo niliposhangaa. Ikiwa moyo unaishi kwa mafuta, vipi tena mafuta yaudhuru? Jibu lina njia mbili. Moja ni ya mabomba, nyingine ni ya meko yenyewe.

Njia ya kwanza: mabomba

Mafuta na maji havichanganyiki, na damu ni ya majimaji. Kwa hiyo mafuta husafirishwa ndani ya damu kwa vyombo maalumu, tuseme majahazi madogo. Jahazi moja wapo huitwa LDL, nalo hubeba kolestroli. Kolestroli si sumu. Mwili huihitaji kujengea kuta za seli na kutengeneza homoni. Balaa huanza majahazi yakiwa mengi kupita kiasi kwa miaka mingi.

Baadhi hupenya kwenye ukuta wa mshipa na kukwama humo. Askari wa mwili huja kuyala, wakavimba, wakafia palepale. Taka hizo hujengeka taratibu kama ukoko kwenye sufuria. Presha huuchubua ukuta, sukari nyingi huudhoofisha, na sigara huongeza moto juu ya moto. Siku moja ukoko hupasuka, damu ikaganda juu yake, na mshipa ukazibwa. Ukizibika moyoni, ni shambulio la moyo. Ukizibika kichwani, ni kiharusi.

Siwezi kuapa kwamba mjomba alipatwa kwa sababu ya kuacha dawa, maana elimu hiyo ni ya Mola. Ila presha ya juu ndiyo inayoongoza kwa kuleta kiharusi, na presha haikupigii hodi.

Njia ya pili: meko yanayozidiwa

Njia hii haisemwi sana, nayo ndiyo inayotuhusu zaidi siku hizi.

Gramu moja ya mafuta ina kalori 9, ya wanga au sukari ina 4. Mimi kwa kazi yangu naijua hesabu ya mapato na matumizi. Kinachoingia kikizidi kinachotumika, kilichobaki lazima kiandikwe mahali. Mwili huanza kwa kukiweka chini ya ngozi, na ghala hilo si baya sana. Likijaa, mafuta hutafuta pa kwenda: ndani ya ini, ndani ya misuli, kwenye kongosho na kuuzunguka moyo. Hapo ndipo penye hatari, kwa sababu viungo hivyo havikuumbwa kuwa maghala.

Ndani ya msuli, mafuta yaliyozidi huvuruga ujumbe wa insulini. Insulini ndiyo inayoufungulia sukari mlango wa seli. Ujumbe ukivurugika, sukari hubaki nje ikizunguka kwenye damu. Kongosho huongeza insulini, na mwisho wake huchoka. Huo ndio mwanzo wa ugonjwa wa sukari wa ukubwani.

Mwaka 2004 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale huko Marekani, Kitt Petersen na Gerald Shulman pamoja na wenzao, walitoa matokeo ya kutia wasiwasi. Waliwapima vijana wembamba, wenye afya kwa kuwatazama, ambao wazazi wao walikuwa na sukari na ambao miili yao ilikwishaanza kuikataa insulini. Ndani ya misuli yao mafuta yalizidi ya wenzao kwa asilimia 80 hivi, na meko yao yalikuwa yakitoa nguvu pungufu kwa asilimia 30. Sukari yenyewe walikuwa hawajaipata.

Wataalamu bado wanabishana kipi hutangulia, meko kupoa au mafuta kujaa. Ni kama habari ya kuku na yai. Wanachokubaliana ni kwamba kimoja hukizidisha kingine.

Tena kuna moshi. Ukijaza makaa kwenye seredani na huna unachopika, wala hewa haipiti vizuri, jikoni hupati moto wa maana, unapata moshi. Mitokondria nayo, ikisukumiwa chakula na mwili umekaa tu, hutoa aina kali ya oksijeni ambayo huunguza seli kwa ndani.

Na njia hizi mbili hukutana moyoni. Moyo mzima una uwezo wa kubadilisha makaa: leo mafuta, kesho sukari, kulingana na hali. Moyo wa mwenye kisukari hupoteza uwezo huo, ukawa unategemea mafuta karibu peke yake. Mafuta huhitaji oksijeni nyingi zaidi kwa kazi ileile. Mshipa umekwisha kuwa mwembamba, na moyo unadai hewa zaidi. Hapo unaona mwenyewe.

Sukari nayo hugeuka mafuta

Msidhani ninazungumzia viazi karai peke yake. Chai yenye vijiko vinne vya sukari, sharbati, soda na juisi za pakiti, vyote hivyo hupitia kwenye ini. Sukari ikizidi, ini huigeuza mafuta. Mengine hubaki humo, mengine hutolewa kwenye damu yakiitwa trigliseridi. Ndiyo maana mtu asiyegusa nyama ya mafuta huenda kupimwa akaambiwa ini lake limejaa mafuta, akabaki ameduwaa.

Na desturi yetu ya meza ni kuvichanganya. Mahamri yana ngano, sukari, tui, kisha yanakaangwa. Pilau ina mchele na samli, na pembeni kuna soda baridi. Meko huletewa makaa ya kila aina kwa wakati mmoja, na baada ya chakula sote twalala.

Watu wa nazi wenzetu

Sasa nirudi kwa nazi, maana mjomba ananisubiri.

Katika Bahari ya Pasifiki kuna visiwa vidogo viitwavyo Tokelau. Watu wake ni watu wa nazi kuliko sisi. Daktari Ian Prior wa New Zealand na wenzake waliwachunguza kwa miaka, wakatoa ripoti mwaka 1981. Waliona kwamba zaidi ya nusu ya kalori za watu wale, asilimia 63, zilitoka kwenye nazi. Kolestroli yao kweli ilikuwa juu kuliko ya watu wa Pukapuka, kisiwa kingine ambako nazi ilitoa asilimia 34. Lakini maradhi ya moyo na mishipa yalikuwa machache kote kuwili.

Wenye kusambaza ujumbe wa simu hukomea hapo. Habari haikukomea hapo. Baada ya kimbunga cha mwaka 1966, watu wengi wa Tokelau walihamia New Zealand. Huko nazi walikula kidogo kuliko nyumbani. Ungetegemea afya zao zingenyooka. Badala yake uzito ulipanda, presha ikapanda, na ugonjwa wa sukari ukaongezeka.

Nini kilibadilika? Kisiwani walikula nazi pamoja na samaki na mashelisheli, sukari kidogo, na walivua, walipanda minazi, walipiga makasia. Ugenini walipata mkate mweupe, sukari, nyama na kazi za kukaa.

Niliposoma hayo nilimwona mjomba wangu palepale. Ujanani alikuwa baharia wa jahazi, akivuta matanga kwa mikono yake. Alipofika miaka hamsini akafungua duka. Asubuhi anakaa kitini, adhuhuri anapanda tuktuk kwenda msikitini ambao ni mwendo wa dakika nane kwa miguu, jioni barazani. Tui lilikuwa lilelile. Meko ya mwili ndiyo yaliyopoa, na kando ya tui kukaongezeka soda, chipsi na mikate ya siagi. Babu yake alikula nazi, lakini hakula kwa mwili wa kukaa.

Mafuta hayafanani

Hata hivyo, kusema nazi haikuwaua watu wa Tokelau si kusema ni dawa. Mafuta ya nazi ni ya aina inayoganda kwa zaidi ya asilimia 80, na aina hiyo huongeza LDL. Mwaka 2020 watafiti walikusanya majaribio mengi pamoja. Wakakuta kwamba anayetumia mafuta ya nazi LDL yake huwa juu kwa miligramu 10 hivi kwa kila desilita, akilinganishwa na anayetumia mafuta kama ya alizeti au zeituni. Hakuna uthibitisho kwamba yanasafisha mishipa.

Basi kuna tofauti kati ya tui jepesi kwenye mchuzi wa samaki wa familia nzima, na vijiko viwili vya mafuta yaliyokamuliwa, kila asubuhi, juu ya tumbo tupu. Cha kwanza ni chakula. Cha pili ni nyongeza ya makaa kwenye jiko ambalo tayari limejaa.

Mabaya zaidi ni mafuta ya majimaji yaliyogandishwa kiwandani kwa haidrojeni, yanayoitwa mafuta ya transi. Yanapandisha LDL na kushusha HDL, ambayo ni kolestroli nzuri. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilizitaka nchi zote ziyaondoe kwenye vyakula. Yale mafuta ya karai yanayochemshwa leo, kesho na keshokutwa mpaka yakawa meusi nayo huharibika na kuzalisha vitu vikali. Tunaouza na tunaonunua bhajia tuogopeane katika hilo.

Mazuri hatuyakosi. Samaki wenye mafuta kama jodari na dagaa, korosho zetu za Kilifi, njugu, ufuta, alizeti. Ila hata mazuri yana kalori 9 kwa gramu.

Meko huwashwa tena

Habari njema ni kwamba meko haya huongezeka. Mwaka 1967 John Holloszy wa Marekani aliwafanyisha panya mazoezi ya kukimbia kwa wiki kadhaa, akakuta uwezo wa mitokondria za misuli yao umekaribia kuongezeka mara mbili. Baadaye ikathibitika hata kwa binadamu. Misuli ikidaiwa kazi, mwili hujenga meko mapya, na makaa yaliyorundikana hupata pa kuchomewa.

Kiasi kinachoshauriwa ni dakika 150 kwa wiki za mwendo wa kukutoa jasho kidogo. Kwa hesabu yangu ni dakika 22 kwa siku. Kwenda msikitini Alfajiri na Isha kwa miguu, kwa wengi wetu, ni hizo hizo. Na akina mama wasiachwe nyuma. Ufuo ni wetu sote, na kutembea asubuhi na shoga zako si jambo la kuonewa haya.

Ghala nalo hupunguzika. Katika jaribio la DiRECT huko Uingereza, lililotolewa mwaka 2017, wagonjwa waliokuwa na sukari kwa chini ya miaka sita walipunguzwa uzito chini ya uangalizi. Baada ya mwaka, asilimia 46 sukari yao ilikuwa imerudi chini ya kipimo cha ugonjwa bila dawa. Mafuta yalipotoka kwenye ini na kongosho, viungo vilianza kazi tena. Lakini zingatia: waliacha dawa kwa mpango wa daktari huku wakipimwa. Hawakuziacha kwa ujumbe wa simu.

Ramadhani ni mlango mwingine. Huku kwetu tunafunga saa 13 na kidogo. Kufikia alasiri akiba ya sukari kwenye ini imepungua sana, na mwili unachoma mafuta yake wenyewe. Ni neema. Kisha Magharibi tunairudisha yote kwa kaimati, sambusa, viazi na jagi la sharbati. Mtume (SAW) alitufundisha kuliachia tumbo nafasi ya maji na ya pumzi. Na mwenye sukari au presha aonane na daktari kabla ya mwezi kuandama, apangiwe dawa zake za daku na futari.

Dawa zetu pia zina asili

Kwa wale wanaosema dawa za hospitali ni kemikali tupu: metformin wanayopewa wagonjwa wa sukari ilitokana na utafiti juu ya mmea uitwao Galega, na sehemu ya kazi yake hufanyika ndani ya mitokondria za ini. Dawa za kupunguza kolestroli zilianzia kwenye kuvu, aliyoichunguza Mjapani Akira Endo miaka ya 1970. Asili imo. Tofauti ni kwamba hizi zimepimwa kwa maelfu ya watu, na kipimo chake kinajulikana.

Nenda kapime, hata kama huumwi. Presha ikiwa 140 kwa 90 au zaidi mara kwa mara, hiyo ni presha. Sukari ya asubuhi kabla ya kula ikifika 6.1, ni onyo. Ikifika 7, ni ugonjwa. Zungusha futi kiunoni: mwanamume akizidi sentimita 94, mwanamke 80, ghala la ndani linajaa. Wenye asili ya Bara Hindi, nao tunao wengi hapa Pwani, wanaume wao waanze kujihadhari kwenye 90, maana hupata sukari hata kwa uzito mdogo.

Ijumaa iliyopita nilirudi kwa mjomba na jibu lake. Nikamwambia, "Mjomba, nazi haikukuua, na isingekuponya. Umekuwa ukila chakula cha baharia, ukaongeza cha mjini, na ubaharia umeuacha." Alicheka upande mmoja wa uso. Kisha akamwita mke wake amletee vidonge vyake, akavimeza mbele yangu kwa mkono wa kushoto. Sasa kila baada ya Alasiri mwanawe humshika mkono, wakaenda mpaka kwenye mwembe wa kona na kurudi. Ni hatua chache, lakini meko yameanza kushika.

Nawe kama una vidonge kabatini, vitoe leo. Mola atuafu, na awaponye wagonjwa wetu. Amin.